Kusoma kesi kwa jicho la mtu wa maabara: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa maji. Sampuli zinaingia asubuhi, napima floraidi, kloridi, nitrati, naandika cheti, natia sahihi, naenda kula. Siku moja cheti changu kikaenda mahakamani na mimi nikaitwa kukifuata. Wakili wa upande wa pili hakugusa hata tarakimu moja niliyoandika. Aliuliza chupa ililala wapi usiku ule, kati ya kisima na maabara, na ufunguo wa friji ulikuwa kwa nani. Sikujua. Nilishuka kizimbani jasho linanitoka, na mwaka uliofuata nikajiandikisha kusoma sheria, masomo ya jioni.

Hukumu ya kwanza niliyopewa darasani niliisoma kama makala ya kisayansi. Nilitafuta muhtasari juu, sikuuona. Nilitafuta mbinu, jedwali, matokeo. Mwisho nikakuta sentensi inayosema rufaa imekataliwa, nikafunga nikalala. Kesho yake mwalimu akaniuliza kesi ile inasema nini.

"Inasema mrufani ameshindwa, Mwalimu."

"Hiyo ni habari ya mrufani, kaka. Mimi nakuuliza habari ya sheria."

Darasa likacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Haya ninayoandika hapa ndiyo ningependa mtu angeniambia usiku ule. Ni kwa ajili ya mkemia, nesi, mhandisi, bwana shamba au ofisa mazingira ambaye ghafla anatakiwa kusoma hukumu, iwe kwa masomo, kwa kazi, au kwa sababu ameitwa kutoa ushahidi. Ukiwa na shauri lako mwenyewe, tafuta wakili. Mwongozo huu ni wa kusoma tu.

Hatua ya 1: Soma paji la uso

Ukurasa wa kwanza wa hukumu, wenye majina na namba, ndio tunaouruka sana sisi tuliozoea kukimbilia matokeo. Usiuruke. Chukua kalamu, andika mambo manne: mahakama gani, ilikaa na majaji wangapi, shauri limetoka mahakama ipi, na tarehe ya hukumu.

Tarehe ina mtego. Ukiona "Rufaa ya Jinai Na. 37 ya 2005", ule 2005 ni mwaka rufaa ilipofunguliwa, na hukumu yenyewe inaweza kuwa imetoka miaka kadhaa baadaye. Tazama tarehe iliyoko mwishoni, karibu na sahihi. Kwa kesi zilizochapishwa kwenye vitabu vya ripoti, rejeo linasomeka hivi: Waziri Amani dhidi ya Jamhuri [1980] TLR 250, yaani ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1980, ukurasa wa 250. EA ni ripoti za Afrika Mashariki nzima. Siku hizi utakuta pia herufi kama TZCA kwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, TZHC kwa Mahakama Kuu, au KESC kwa Mahakama ya Juu ya Kenya. Hukumu nyingi zenye herufi hizi utazipata bure mtandaoni, za Tanzania kwenye TanzLII, za Kenya kwenye Kenya Law.

Kwa nini mahakama ni jambo zito hivyo? Kwa sababu uzito wa hoja mahakamani unatoka kwenye kiti. Katika sayansi, makala ya mwanafunzi asiyejulikana inaweza kumwangusha profesa ikiwa vipimo vyake ni safi, na jarida lenye jina kubwa laweza kuchapisha upuuzi na sote tukausema hadharani. Hukumu haziendi hivyo. Katika JUWATA dhidi ya KIUTA [1988] TLR 146, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba mahakama zilizo chini yake zinafungwa na maamuzi yake hata kama zinaona yamekosea, mpaka yenyewe itakapoyabadili. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilikasirika kabisa. Fungwa na jibu ambalo unaamini si sahihi! Ilinichukua muda kukubali kwamba lengo hapa ni tofauti: mfanyabiashara wa Kariakoo na mkulima wa Mbozi wanatakiwa kujua leo sheria ni ipi, hawawezi kungoja mjadala uishe.

Kwa hiyo chora ngazi. Tanzania Bara: Mahakama ya Mwanzo, juu yake Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani iliyoundwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977. Ndiyo maana utaona majaji wetu bado wanataja maamuzi ya miaka ya 1950 yaliyotolewa na mahakama ya rufani ya ukanda mzima. Maamuzi ya Uingereza nayo yamo. Sheria za huko ziliingia Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe maalumu, 22 Julai 1920. Kwa Kenya tarehe hiyo ni 12 Agosti 1897. Hukumu ya London ya mwaka 1932 kwa jaji wa Dar es Salaam inashawishi, haifungi.

Hatua ya 2: Ruka mwisho, kisha rudi juu

Soma aya ya mwisho kwanza. Unataka kujua nani kashinda na mahakama imeamuru nini, ili unaporudi juu ujue hoja zinaelekea wapi.

Hapo mwisho angalia neno lililotumika. Rufaa kukataliwa na rufaa kuondolewa mahakamani ni mambo mawili, na tofauti hiyo ilishaelezwa tangu Ngoni-Matengo Co-operative Marketing Union dhidi ya Alimahomed Osman [1959] EA 577. Rufaa iliyokataliwa imesikilizwa ikaonekana haina mashiko. Iliyoondolewa ilikuwa na kasoro tangu mlangoni, haikusikilizwa, na pengine mhusika anaweza kurekebisha na kurudi. Mtu wa maabara ataelewa upesi: sampuli iliyopimwa ikakutwa safi si sawa na sampuli iliyokataliwa mapokezi kwa kukosa lebo. Ya pili haikuambii lolote kuhusu maji. Utashangaa ni hukumu ngapi zinaishia mapokezi, baada ya wewe kusoma kurasa kumi ukingoja jibu la swali lako.

Ukirudi juu, fuatilia watu, si majina ya nafasi zao. Aliyekuwa mdai kule chini anaweza kuwa mjibu rufani huku juu, kisha akageuka mrufani ngazi inayofuata. Daktari mmoja wa Adelaide, Grant, alimshtaki mtengenezaji wa nguo za ndani. Alishinda kwenye mahakama ya jimbo lake, akashindwa kwenye High Court ya Australia, iliyo mahakama ya juu ya nchi hiyo, akashinda tena mbele ya Privy Council huko London, baraza lililosikiliza rufaa za mwisho kutoka nchi za himaya ya Uingereza, mwaka 1935. Bila kuchora mishale pembeni utapotea.

Zingatia pia kama unasoma rufaa ya kwanza au ya pili. Ya kwanza inaruhusu ushahidi wote kupitiwa upya, kama ilivyosemwa katika Pandya dhidi ya Jamhuri [1957] EA 336. Ya pili kwa kawaida haigusi mambo ambayo mahakama mbili za chini zimekubaliana kuwa yalitokea, isipokuwa kama ziliuelewa vibaya ushahidi. Hilo lina maana kwamba majaji wa juu wanaposema "shahidi wa pili alimwona mshtakiwa", mara nyingi hawasemi wameliamini wao kwa kulipima upya; wanasema wamelipokea kutoka chini.

Hatua ya 3: Zoea maana mpya ya neno "ukweli"

Hapa ndipo nilipoumia, na nitakaa kidogo.

Tarehe 26 Agosti 1928, mwanamke aitwaye May Donoghue aliingia mgahawani Paisley, Scotland, akiwa na rafiki yake. Rafiki akanunua aiskrimu na soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, huoni ndani. Mwenye mgahawa akamimina kidogo, bibi akanywa; rafiki alipomimina iliyobaki, kwa maelezo ya bibi, likatoka konokono lililooza. Akaugua tumbo na kupata mshtuko. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote pale, maana aliyelipa ni rafiki. Akamshtaki mtengenezaji, David Stevenson, akidai pauni 500. Shauri likapanda mpaka House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na tarehe 26 Mei 1932 majaji watatu dhidi ya wawili wakasema mtengenezaji ana wajibu wa kuchukua tahadhari kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawana mkataba. Sheria ya uzembe katika nchi zote zilizorithi mfumo huo, sisi tukiwemo, inapitia kwenye chupa ile.

Sasa uliza swali la kimaabara: konokono alithibitishwa na nani?

Hakuna aliyemthibitisha. Stevenson alipinga akisema hata kama kila anachodai bibi ni kweli, sheria haimpi haki yoyote. Majaji wakaamua swali hilo tu, kwa kuchukulia kwamba madai ni kweli. Shauri lilipaswa kurudi chini ili ushahidi usikilizwe, lakini Stevenson alifariki mwaka huohuo na jambo likamalizwa kwa maelewano. Kesi maarufu kuliko zote katika somo lile ina konokono ambaye mahakama haikumwona, haikumpima, wala haikusema alikuwepo.

Niliposoma hilo nilihisi nimetapeliwa. Ni kama kujenga kanuni ya kemia juu ya jaribio ambalo halijafanyika. Lakini ukishatulia unaona kwamba hukumu haijawahi kudai kueleza kilichotokea Paisley. Inasema: *ikiwa* mambo haya, *basi* wajibu huu. Ukweli wa shauri ni ule ambao mahakama inaufanyia kazi, iwe ni kwa kuthibitishwa, kwa pande kukubaliana, au kwa kuchukuliwa hivyo kwa ajili ya hoja. Kazi yako ni kuandika pembeni ya kila jambo limeingia kwa mlango upi kati ya hiyo mitatu. Mimi hutumia herufi: T kwa lililothibitishwa, K kwa lililokubaliwa, D kwa lililodaiwa tu.

Na usijaribu kugeuza viwango vya uthibitisho kuwa asilimia. Katika jinai, upande wa mashtaka unathibitisha bila kuacha shaka la msingi. Katika madai, mizani ya uwezekano ikilalia upande mmoja inatosha. Mtu wa takwimu mkono unamwasha aandike 95 na 51. Nchini Uingereza, katika R dhidi ya Adams mwaka 1996, mtaalamu wa upande wa utetezi aliwafundisha wazee wa baraza la mahakama jinsi ya kukokotoa kwa kanuni ya Bayes, hesabu ya kurekebisha uwezekano kila ushahidi mpya unapoingia, na Mahakama ya Rufani ikakataa njia hiyo. Unaweza kuona walikosea kihisabati. Lakini unaposoma, soma walichoamua.

Hatua ya 4: Badilisha kigezo kimoja kimoja

Baada ya kukunyima raha, sheria inakurudishia zana yako. Katika kurasa za maelezo, mambo matatu au manne tu ndiyo yanayobeba uamuzi, na namna bora ya kuyapata ni ileile ya benchi la maabara: shikilia vyote, sogeza kimoja, tazama kama jibu linabadilika.

Jaribu kwa Donoghue. Weka panya badala ya konokono: jibu lilelile. Weka Morogoro badala ya Paisley: hakuna kinachobadilika katika hoja. Mfanye bibi anunue mwenyewe: sasa ana mkataba na mwenye mgahawa, na anaweza kumdai huyo kwa njia nyingine, ila wajibu wa mtengenezaji unabaki palepale. Fanya chupa iwe nyeupe unayoona ndani: hapo hoja inaanza kutikisika, kwa sababu sehemu ya uamuzi ilitegemea kwamba bidhaa imetoka kiwandani ikiwa imefungwa na haikutarajiwa mtu yeyote katikati aikague. Rangi ya kioo, ambayo mimi ningeiandika kama maelezo ya kifungashio, kumbe ni kigezo.

Kisha tazama mahakama nyingine ikifanya jaribio hilohilo kwenye kesi halisi. Yule daktari Grant alipata ugonjwa mbaya wa ngozi kutokana na salfaiti iliyobaki kwenye chupi za sufu baada ya kusafishwa kiwandani. Mtengenezaji akajitetea, pamoja na mengine, kwamba kinywaji kimefungwa kwenye chupa, chupi hazikufungwa hivyo. Privy Council ikajibu kwamba cha maana ni dosari kufichika na bidhaa kumfikia mtumiaji ilivyotoka, si kizibo. Kwa hiyo kizibo kimetoka kwenye orodha ya vigezo. Na wewe mkemia usitafute humo jedwali la miligramu kwa kilo ukidhani ndilo lililoamua kesi. Kilichoamua ni kwamba kemikali ile isingebaki pale kama mtu hakuzembea mahali fulani, hata kama mvaaji hawezi kumnyooshea kidole mfanyakazi fulani.

Hatua ya 5: Andika swali kwa kuanza na "Je"

Sentensi moja. Isiwe na majina ya watu. Iwe na vigezo ulivyovipata hatua ya 4. "Je, mtengenezaji wa bidhaa inayomfikia mtumiaji bila nafasi ya kukaguliwa njiani ana wajibu wa tahadhari kwa mtumiaji huyo hata kama hawana mkataba?"

Usidanganywe na idadi ya sababu za rufaa. Mrufani anaweza kuleta tisa, mahakama ikasema ya nne inatosha kumaliza shauri na hizo nyingine haina haja ya kuzijadili. Swali la kesi ni lile lililojibiwa.

Iandike kwa Kiswahili. Hukumu nyingi za mahakama za juu utazikuta kwa Kiingereza, ingawa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama Tanzania. Kiingereza cha majaji kina tabia ya kukufanya ujione umeelewa kwa sababu sentensi inapendeza. Ukishindwa kuisema kwa lugha unayobishania mpira, hujaielewa bado.

Hatua ya 6: Tenga kiini na maneno ya pembeni

Wanasheria hukiita kiini cha uamuzi *ratio decidendi*, na maneno ya pembeni *obiter dicta*. Kiini ni ile hoja ambayo ukiiondoa uamuzi unaanguka. Maneno ya pembeni ni mengine yote ambayo jaji ameyasema njiani, hata yakiwa ya busara kuliko kiini. Ya kwanza inafunga mahakama za chini. Ya pili inashawishi tu.

Kesi ambayo watu wa sayansi huikosea zaidi hapa ni ya Sally Clark, na naichagua makusudi kwa sababu sote tunaipenda. Alikuwa mwanasheria Uingereza. Watoto wake wawili wachanga walifariki, akatiwa hatiani kwa mauaji mwaka 1999. Profesa wa tiba ya watoto alieleza mahakamani kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia ya aina ile ni 1 kwa milioni 73. Aliupata kwa kuchukua 1 kwa 8,543 na kuizidisha kwa yenyewe, kana kwamba vifo vya ndugu wawili wa damu moja na nyumba moja havihusiani. Mwaka 2001 chama cha wanatakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kilitoa tamko la kupinga hesabu hiyo. Rufaa ya kwanza ilishindwa mwaka 2000. Ya pili, mwaka 2003, ikamweka huru.

Muulize mwanasayansi yeyote kesi hiyo inasema nini, atakwambia: mahakama ilifuta hatia kwa sababu ya takwimu mbovu. Nilisema hivyo mimi pia, kwa kujiamini sana. Soma hukumu. Sababu iliyoangusha hatia ni kwamba majibu ya vipimo vya vijidudu vya mtoto wa pili, yaliyoonyesha bakteria wa *Staphylococcus aureus*, yalikuwepo na hayakutolewa kwa upande wa utetezi. Kuhusu takwimu, majaji walisema kwamba kama hoja hiyo ingejadiliwa kikamilifu mbele yao, kwa uwezekano mkubwa ingetosha nayo kuifuta hatia.

Pima maneno hayo. "Kama ingejadiliwa." "Kwa uwezekano mkubwa." Ni maneno mazito na yana heshima yake, lakini kilichobeba uamuzi ni karatasi ya maabara iliyokaa bila kuonyeshwa. Ukienda mbele ya jaji ukasema Clark iliamua juu ya takwimu, wakili msomi wa upande wa pili atasimama taratibu, na utatamani ardhi ipasuke.

Alama za kukusaidia: mahali jaji anaposema "hata hivyo, hata kama tungekuwa tumekosea katika hilo", au "ingawa si lazima kwa uamuzi wetu", au anapotoa mfano wa mambo ambayo hayako katika shauri, weka mstari wa vitone pembeni. Hayo ni ya pembeni mpaka yathibitike vinginevyo. Jaji aliyepinga wenzake pia usimtupe kama data mbovu. Katika Donoghue, Lord Buckmaster aliona kwamba wakiruhusu dai hili hakutakuwa na mwisho wa madai. Hoja yake ndiyo inakuonyesha wale watatu walikuwa wanaruka mto gani.

Hatua ya 7: Fuata watoto wa kesi

Hukumu moja ni kipimo kimoja. Itafute ilivyotumiwa baadaye, kwa kuandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia cha TanzLII au Kenya Law.

Waziri Amani ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu aliyefundishwa kutilia shaka macho. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa kumwona ni dhaifu, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kumfananisha na mwingine uwe umeondolewa. Ikataja vya kuangalia: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, umbali gani, mchana au usiku, mwanga ukoje, na kama alimfahamu au kuwahi kumwona kabla. Niliposoma nilicheka peke yangu. Ni itifaki ya uchunguzi, imeandikwa na majaji!

Ukifuata watoto wake utafika kwa Issa Mgara @ Shuka dhidi ya Jamhuri, ile Rufaa ya Jinai Na. 37 ya 2005. Pale mahakama inasema haitoshi shahidi kutamka kwamba palikuwa na taa. Aeleze ukali wa mwanga wake, kwa sababu balbu ya umeme, tyubu, chemli na kibatari havitoi mwanga sawa. Hakuna kilichobadilika katika kanuni ya 1980, kimeongezwa kipimo. Ukiisoma ya kwanza bila ya pili utaenda na kanuni yenye nusu ya makali yake.

Wakati mwingine watoto wanapunguza badala ya kuongeza. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Francis Karioko Muruatetu, ilisema kifungu kinachomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa mauaji kinapingana na Katiba, kwa kuwa kinamnyima nafasi ya kusikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu. Haikufuta adhabu yenyewe. Watu wakaipeleka mbele haraka; wafungwa wa unyang'anyi wa kutumia nguvu nao wakaanza kupangiwa adhabu upya kwa jina la Muruatetu. Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikatoa maelekezo: uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Aliyekuwa na nakala ya 2017 peke yake alikuwa na kipimo ambacho masafa yake ya matumizi hayajaandikwa.

Hatua ya 8: Jaza kadi

Ukurasa mmoja, usizidi. Ukizidi, bado unanakili. Hii ni yangu ya Donoghue, kama ilivyo kwenye daftari:

*Paji:* House of Lords, 26 Mei 1932, 3 dhidi ya 2, kutoka Scotland. Kwetu: yashawishi.
*Ukweli (D, haukusikilizwa ushahidi):* soda imefungwa kiwandani, chupa nyeusi, mnywaji hakununua, dosari ndani, madhara ya mwili.
*Swali:* Je, mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji asiye na mkataba naye?
*Jibu:* Ndiyo.
*Kiini:* bidhaa imetolewa ili imfikie mtumiaji ilivyo, hakuna ukaguzi unaotarajiwa katikati, na mtengenezaji anajua kwamba asipochukua tahadhari atamdhuru.
*Pembeni:* kauli pana ya Lord Atkin, mmoja wa wale watatu, kuhusu nani ni jirani yako kisheria. (Hii watu hubishana kama ni pembeni au kiini. Niliacha alama ya kuuliza, bado ipo.)
*Watoto:* Grant, 1935, chupi za sufu. Kizibo si kigezo.
*Kinachonikera:* konokono.

Mstari wa mwisho usiuache. Kila kesi ina kitu kinachomkera mtu wa sayansi, na ukikiandika hapo hakitaingia katikati ya kiini kujifanya hoja.

Kwa wiki ya kwanza chukua rufaa fupi za jinai zinazohusu utambuzi usiku, na uache za Katiba zenye kurasa mia kwa baadaye. Soma moja mara tatu: ya kwanza bila kalamu, ya pili kwa penseli, ya tatu ukijaza kadi. Zipe kadi namba kama chupa za sampuli, tarehe ya kusoma na tarehe uliyokagua watoto mara ya mwisho. Mimi bado nazihifadhi kwenye lile sanduku la bati lililokuwa la chupa, na safari hii najua ufunguo uko kwa nani.